Tahajia za majina: 'Zawady' ni mzigo kwa mtoto

Majuzi katika hafla ya chekechea mtaani Karen, Nairobi, nilisoma orodha ya watoto: Zawady, Neemah, Ymani. "Prof, siku hizi wazazi wanataka jina likae tofauti kidogo," mwalimu akanieleza.

Sina neno na upya. Hata hivyo, tahajia ya Kiswahili ina kanuni. Herufi 'y' hutangulia irabu: yai, yetu. Kwa kanuni hiyo, silabi ya mwisho ya 'Zawady' haitamkiki. 'Neemah' afadhali, kwani 'h' hiyo ina asili katika Kiarabu. Lakini Kiswahili kililipokea neno hilo kitambo kikaliandika kinavyolitamka: Ne-e-ma, silabi tatu.

Kuna watakaouliza: mbona Fatima, Fatma na Fatuma yote yanakubalika? Ni kwa sababu kila umbo lina matamshi yake. Karen lenyewe ni umbo la Kidenmaki la Katherine. Sauti ilibadilika, maandishi yakafuata. Katika 'Zawady' sauti ni ileile, kilichobadilika ni cha macho tu.

Gharama humwangukia mtoto. Cheti cha kuzaliwa kikisema 'Zawady' na cha mtihani 'Zawadi', ataanza kuzungushwa maofisini akithibitisha kwamba yeye ni yeye.

Mzazi anayetaka jina adimu asihangaishe herufi. Achague Tunu. Maana yake haiko mbali na zawadi, na huandikwa jinsi linavyotamkwa.