Macho ya Mpita Njia

Habari za safari zinazoandikwa na wengi wetu zina kasoro moja kubwa. Mwandishi huhesabu ghorofa, husifu lami, kisha hukata shauri kwamba mji umeendelea au umelala. Hukumu za namna hiyo nimezisikia mara nyingi juu ya Makambako na Njombe, nami naona hazitoshi.

Makambako ni mtoto wa njia. Barabara kuu iendayo Zambia, barabara ya Songea, na reli ya TAZARA iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, zote hukutana hapo. Mpita njia huona nyumba za wageni zilivyosongamana na vijana wanavyokimbilia madirisha ya mabasi na bidhaa mikononi, basi humaliza: hapa pana maendeleo. Kweli fedha zinapita, lakini kupita si kukaa.

Ukienda kusini kilometa 60 hivi wafika Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai watu hushinda na makoti. Mgeni husema mji umepoa kama hewa yake, wala haulizi viazi, maparachichi, chai na mbao zinazojaza malori zimetoka wapi. Mwaka 2012 Njombe ilimegwa kutoka Iringa ikawa mkoa, na majengo ya serikali yakaongezeka. Sasa mgeni husifu majengo.

Ndugu msomaji, ukitaka kuujua mji huu, simama kando ya lori linalopakia viazi. Utaona gunia limejaa, kisha likashonewa kilemba juu. Hiyo ndiyo lumbesa. Sheria ya vipimo inaikataza, lakini mkulima mwenye shida ya ada ya shule hukubali bei ya gunia moja. Sehemu ya fedha zinazojenga miji imo katika kilemba hicho, naye aliyekilima hatajwi katika sifa za msafiri.

Sisemi kwamba lami na ghorofa ni ubatili. Bila barabara viazi vingeozea shambani. Nasema tu kwamba hayo ni nusu ya habari.

Waliotutangulia walijua hivyo. Selim bin Abakari alisafiri Urusi na Siberia mwaka 1896, akiwa mtumishi wa Mdachi, na masimulizi yake yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1901 katika *Safari za Wasuaheli*. Mtumishi yule, katika nchi asiyoijua, aliangalia watu na maisha yao, si majumba tu. Sisi tunaosafiri katika nchi yetu wenyewe, kwa lugha yetu wenyewe, tuna udhuru gani?

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni asiyemwuliza mwenyeji hali atamponya nini?