Mwenye Kuomba katika Tawasifu ya John Balaban

John Balaban alikataa kupigana Vietnam kwa sababu za dhamiri, lakini mwaka 1967 alikwenda huko huko kwa kazi ya kujitolea. Baadaye akahudumia watoto waliojeruhiwa vitani. (Yeye mwenyewe, asiye askari, alijeruhiwa mwaka 1968.) Tawasifu yake, Remembering Heaven's Face (1991), mara nyingi huifanya dhamiri ya Mmarekani kuwa mhusika mkuu, na upatanisho ukabaki wa upande mmoja. Sivyo ilivyo anaporudi mwaka 1971 na kinasa sauti, akiwasihi wanavijiji wamwimbie ca dao, tungo zao za jadi zisizoandamana na ala. Hapo mwanakijiji ndiye mwenye kutoa, na Mmarekani, aliyezoea kuhudumu, ndiye mwenye kuomba.