Msimbopau wa Kitu Gani?

Istilahi "msimbopau" imekwisha kupata makao katika Kiswahili, nasi hatuna ugomvi nayo. Aliyepata kuona nyumba ikipauliwa atazikumbuka pau zilizopangwa sambamba kila aitazamapo ile mistari myeusi. Lawama yetu ni juu ya matumizi yake katika maelekezo ya kazi za maktaba, ambamo mfasiri huandika "msimbopau wa jarida" akadhani amemaliza.

Tuchukue mfano wa maktaba ya chuo, tuseme hapo Moshi, ambako ushirika umekuwa ukifundishwa chuoni tangu 1963. Matoleo ya mwaka mmoja hukusanywa, yakajalidiwa pamoja, yakawa juzuu moja. Majarida mengi ya siku hizi huja na mistari iliyochapwa na mchapishaji: tarakimu 13 zinazoanza na 977, ambazo ndani yake mna namba ya kimataifa ya jarida. Mistari hiyo hulitaja jarida. Haiitambui nakala iliyo mkononi, wala haijui kwamba matoleo manne yamefungwa pamoja. Kibandiko cha maktaba huitambulisha juzuu ile moja tu. Je, karani aliyeambiwa "soma msimbopau wa jarida" asome upi? Akisoma wa mchapishaji, mashine haitamweleza kama iliyoazimwa ni juzuu ya 2005 au ya 2006, na mwanafunzi aliyeteremka kutoka Marangu atapanda mlima mikono mitupu, ilhali alichokitafuta kimo rafuni.

Tena jarida na juzuu havilingani daima. Jarida la utafiti liitwalo Kiswahili lilikuwa likiitwa Swahili kabla ya 1970. Aliyejalidi pamoja matoleo ya 1969 na 1970 ana kitu kimoja chenye majina mawili.

Wako watakaosema tutumie "jalada". Hapana. Mtumishi wa serikali akisikia jalada hufikiri hati za masjala, na sauti zake zakaribiana mno na za jarida.

Twapendekeza "msimbopau wa mchapishaji" kwa ule uliochapwa, na "msimbopau wa juzuu" kwa ule wa maktaba. Maelekezo yasomeke hivi: "Bandika msimbopau wa juzuu nje, juu ya gamba, usisome wa mchapishaji."