Swichi Haijui Kama Maji Yanatembea

Swichi ya waifai iliyofungwa kwenye pampu ya kidimbwi cha kuogelea ina habari moja tu ya kutoa: stima imefika kwenye mota. Kwenye simu ya mwenye nyumba huandikwa "imewashwa", naye akiwa kazini Nairobi huamini kwamba maji yanazunguka, yanachujwa na kupata dawa. Kumbe pampu inaweza kuwa inazunguka kavu, bomba la kufyonza limejaa hewa, na sili yake inaungua. Anayetaka kidimbwi kinachojiendesha, awe Ruiru mjini au huku Ngoliba chini ya Kilimambogo, aanze hapo: apime maji yenyewe, asipime swichi.

Mfano bora wa kazi ya namna hii uko kwenye barabara yetu hii ya Thika kwenda Garissa. Ukiipita Matuu, ukafika Mwingi na kukata kaskazini, unaingia Kyuso, kaunti ya Kitui. Huko, mwaka 2013, watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, wakiwemo Rob Hope na Patrick Thomson, walijaribu vifaa vya kutuma taarifa kwenye pampu za mkono 66. Pampu ya mkono haina mota wala waya, kwa hiyo hakuna stima ya kupimwa. Walitia ndani ya mpini kihisi cha mwendo, cha jamii ileile inayoiwezesha simu kujua imelazwa au imesimamishwa. Kifaa kilifuata mwendo wa mpini, kikakadiria maji yaliyotoka, kisha kikatuma hesabu hiyo kwa SMS. Mpini uliozoea kupigwa kutwa ukinyamaza, ukimya wenyewe ukawa ndio taarifa. Kabla ya hapo pampu iliyoharibika ilikaa wastani wa siku 27 bila kutengenezwa. Chini ya mfumo ule zikapungua hadi pungufu ya 3.

Siku hizo hazikupunguzwa na kihisi peke yake. Upande wa pili wa SMS palikuwa na fundi aliyepewa vipuri na wajibu wa kwenda. Ndiyo maana baada ya majaribio kazi hiyo iliendelezwa na FundiFix, kampuni ya matengenezo inayohudumia Kitui na Kwale, ambako jamii huchangia ada ili pampu zao zishughulikiwe haraka. Mtu anayenunua vifaa vya kidimbwi akasahau kumlipa fundi wa kuitwa amenunua nusu ya mfumo.

Kwenye kidimbwi, kazi ya ule mpini wa Kyuso hufanywa na swichi ya mtiririko: kibao kidogo ndani ya bomba, baada ya pampu, kinachosukumwa na maji yanapopita. Mantiki yake ni fupi. Kidhibiti kinawasha pampu na kuhesabu sekunde 60. Kibao kisiposogea, kidhibiti kinakata stima, kinatuma ujumbe, na hakirudii kuwasha mpaka mtu aje aangalie. Ongeza kihisi cha presha kabla ya chujio na utajua mengi zaidi. Presha ikipanda taratibu wiki hadi wiki, mchanga wa chujio umeshika uchafu na unahitaji kuoshwa kwa kugeuza maji. Ikianguka ghafla, kikapu cha majani kimeziba au hewa imeingia.

Kuna suala la stima kurudi. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani, na hata bila tukio kubwa kama lile, stima hupotea na kurudi. Inaporudi volti huweza kuyumba, na pampu iliyowekwa juu ya usawa wa maji huenda imeshapoteza maji yake ya kuanzia. Kidhibiti kizuri husubiri dakika kadhaa kabla ya kuwasha mota, kisha hupitia tena ule ukaguzi wa sekunde 60. Ni mistari michache tu ya programu kwenye kifaa kidogo kama ESP32, lakini ndiyo inayookoa mota.

Swichi ndogo ya waifai isibebe mota yenyewe. Pampu ya kilowati 1.1 hutumia ampea sita au saba ikiwa imeshika mwendo, ila wakati wa kuanza huvuta mara kadhaa ya hapo, na miguso ya swichi iliyoandikwa ampea 10 huungana ikabaki imewaka daima. Swichi itoe amri kwa kontakta, kontakta ndiyo ibebe mzigo. Nyuma ya yote pawe na breka inayokata stima ikivuja miliampea 30, na vyuma vyote vya kidimbwi, ngazi hadi mwili wa pampu, viunganishwe na waya wa ardhi. Mtu mwenye miguu mitupu ndani ya maji hana kinga nyingine. Sanduku la vifaa likae mbali na stoo ya asidi, maana mvuke wake hula shaba.

Sasa dawa, na hapa naomba msomaji asiwe na haraka. Mifumo mingi ya kujiendesha huuzwa na pampu mbili ndogo, moja ya klorini ya maji na moja ya asidi, zikifuata vihisi viwili. Kihisi kimoja husoma pH, ambayo ikae kati ya 7.2 na 7.8. Cha pili hupima nguvu ya maji kuua vijidudu kwa milivolti, na wengi hulenga 650 hadi 750. Hatari huja maji ya bomba kuu yanaposimama huku pampu hizi mbili zikiendelea kudondosha. Klorini na asidi hukutana ndani ya kipande kifupi cha bomba bila maji ya kuzipunguza nguvu, na gesi ya klorini huzaliwa. Mzunguko ukirudi, gesi hiyo husukumwa moja kwa moja kwa waogeleaji. Hivyo ndivyo ilivyotokea mwaka 2015 kwenye kidimbwi cha umma kaunti ya Contra Costa, California: mzunguko wa maji ulisimama, dawa ikaendelea kuingia, na pampu ilipowaka tena watu wakaugua. Pale palikuwa na kidhibiti, lakini hakikuzizuia dawa.

Kwa hiyo pampu za dawa zisitegemee programu peke yake. Stima yake ipite kwenye miguso ya swichi ya mtiririko, waya kwa waya, ili maji yakisimama dawa isimame hata kama kompyuta imeganda. Ukiuliza mahali pa kutumia pesa kwanza, nitakujibu ni hapo, kabla ya taa za rangi na kabla ya kioo cha kugusa ukutani.

Kihisi cha milivolti nacho kina udanganyifu wake. Wengi hutumia tembe za klorini zenye asidi ya sianuriki, ambayo huikinga klorini na jua. Huku tulipo, takriban digrii moja kusini mwa ikweta, kinga hiyo ina maana. Lakini asidi hiyo haiishi kama klorini, hujikusanya, na ikiwa nyingi usomaji wa milivolti hushuka ingawa klorini ipo. Kidhibiti kisichojua hilo huendelea kumimina. Kipimo cha matone cha mkono, mara moja kwa wiki, bado kinahitajika.

Kuhusu bili, vitabu vya maelekezo vinavyotoka ng'ambo hushauri pampu iendeshwe usiku, stima inapokuwa rahisi. Ushauri huo haumfai mteja wa nyumbani wa Kenya Power, ambaye bei yake hupangwa kwa kiasi anachotumia kwa mwezi na si kwa saa ya siku. Akiba ya kweli iko kwenye mwendo wa mota. Nguvu inayohitajika hufuata mwendo mara tatu kwa kujizidisha: ukipunguza mwendo kwa nusu, mtiririko hupungua kwa nusu, lakini nguvu hushuka hadi karibu sehemu moja ya nane. Chukua kidimbwi cha lita 60,000 na pampu ya kilowati 1.1 inayosukuma lita 15,000 kwa saa. Kwa mwendo kamili, mzunguko mmoja huchukua saa 4 na kula yuniti 4.4. Kwa nusu mwendo huchukua saa 8 na, kwa hesabu, yuniti 1.1. Msuguano na hasara za mota huongeza kidogo, ila tofauti inabaki kubwa. Mwenye sola aiendeshe mchana polepole. Pampu iwe ya mwendo wa kubadilika tangu kiwandani, kwani mota ya kawaida ya fezi moja yenye kapasita haivumilii kufungiwa kidhibiti cha mwendo.

Jakuzi lina hesabu tofauti. Kupasha lita 1,500 kutoka nyuzi 20 hadi 38 kunahitaji yuniti zipatazo 31, yaani zaidi ya saa 10 kwa hita ya kilowati 3. Kidhibiti kikijua saa ya kuoga kinaweza kuanza mapema, lakini mfuniko mzito unaozuia joto huokoa zaidi ya programu yoyote. Joto lisipite nyuzi 40.

Kuna pia suala la intaneti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari, na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota. Mfumo unaopeleka kila amri kwenye seva ya ng'ambo ndipo iirudie pampu iliyo hatua tatu kutoka jikoni huzubaa siku kama hiyo. Na seva yenyewe huweza kufungwa: mwaka 2016 kampuni ya Nest ilizima huduma ya Revolv, kitovu cha kuendeshea vifaa vya nyumbani, na vifaa ambavyo watu walikuwa wamevinunua vikabaki makopo. Maamuzi yafanyike ndani ya kidhibiti palepale chumba cha pampu. Tahadhari zipite kwa SMS, kama Kyuso, ziende kwanza kwa keateka aliye karibu, kisha kwa fundi, mwenye nyumba awe wa mwisho.

Siku ya kukabidhiwa kazi, mwambie fundi afunge vali ya kufyonza pampu ikiwa inafanya kazi, usimame naye kando yake. Mtiririko ukikata, pampu za dawa zinyamaze papo hapo. Ndani ya dakika moja mota izime na simu ya keateka ilie. Lisipotokea hilo, usimalizie malipo. Jaribio hilo lirudiwe kila mwezi, na tarehe iandikwe kwa kalamu kwenye mlango wa sanduku.