Mpindo Unaozaa Mwanga Mweupe

Taa nyeupe ya LED hutudanganya kidogo: ndani yake kuna chipu ya bluu iliyofunikwa kwa fosfa ya njano, na macho yetu ndiyo yanayokamilisha weupe. Mwaka 2014 maabara ya Hemamala Karunadasa, Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, ilionyesha fuwele zinazotoa mwanga mweupe zenyewe zikimulikwa kwa mionzi ya urujuanimno.

Ni perovskaiti za matabaka. Risasi na bromini hufanya shuka, kila atomi ya risasi ikizungukwa na bromini sita; kati ya shuka na shuka hukaa molekuli za kaboni. Molekuli hizo haziwaki, lakini ndizo zinazoamua umbo la jirani zao. Ile iitwayo EDBE kwa kifupi, yenye chaji ncha zote mbili, haiachi shuka itulie tambarare. Huikunja ikawa migongo na mabonde.

Mkunjo una uzito gani? Mionzi ikigonga fuwele, elektroni huruka na kuacha pengo, na viwili hivyo hubaki vimeshikana: eksitoni. Mtandao wa atomi ukiwa mgumu, eksitoni huzimika upesi kwa rangi moja kali. Ukiwa laini, kama katika fuwele hizi, eksitoni huzama ilipo, kama mtu aliyekalia kitanda cha kamba zilizolegea, na hupoteza sehemu ya nishati kabla ya kuwaka. Hapo rangi hutawanyika.

Mkaidi angeuliza: je, mwanga huo si wa kasoro za uso wa fuwele tu? Watafiti wakakuza fuwele kubwa, ambazo uso wake ni mdogo ukilinganisha na ujazo, nazo zikawaka vilevile. Hoja hiyo naiona nzito kuliko grafu nyingi. Hata hivyo, hawakuiondoa mitego ya asili iliyo ndani ya fuwele, inayonasa eksitoni. Waliihesabu kuwa mchangiaji.

Toleo lenye klorini badala ya bromini lilitoa weupe baridi, la bromini weupe wenye joto. Ufanisi wa hilo la bromini ulikuwa 9%, haba kwa taa ya dukani, ila haukushuka baada ya miezi 3 ya kumulikwa mfululizo.

Mwaka 2017 maabara hiyohiyo ililinganisha mfululizo wa perovskaiti za bromini zenye shuka zisizokunjwa hivyo. Kadiri kiungo cha risasi–bromini–risasi kilivyopinda kutoka kwenye bapa la shuka, ndivyo sehemu ya mwanga wa rangi zilizotawanyika ilivyoongezeka. Pembe hiyo hupimwa kwa eksirei. Kigumu ni kubashiri, kabla ya kuchanganya chochote, molekuli ipi italeta mpindo gani.