Shusha Uso, Usipandishe Mikono

Picha ya bibi harusi iliyopigwa ukumbini Dar es Salaam mara nyingi huwa na mwanamke mmoja mwenye rangi nne. Uso ni wa faundesheni, na pale flashi ilipoupiga umekuwa na weupe wa kijivu. Shingo na kifua vimebaki na rangi yake mwenyewe. Bega la upande wa jukwaa limeingiwa na zambarau ya taa za LED. Mikono iliyoshika maua mbele ya gauni jeupe imekolea kuliko vyote. Mhariri wa picha anatakiwa kumrudisha huyu awe mtu mmoja, na njia inayotumika zaidi ndiyo mbaya kuliko zote: kuufanya uso uwe kipimo, kisha kung'arisha shingo na mikono mpaka vifanane nao.

Wateja wenyewe huiomba njia hiyo. “Kaka, mbona mikono yangu myeusi hivi? Ing'arishe kidogo.” Mhariri anaing'arisha, mteja anashukuru, na albamu inatoka ikiwa na mtu ambaye nyumbani kwao hawamjui. Kosa ni la kiufundi kabla ya kuwa la heshima, kwa kuwa uso ndiyo sehemu ambayo siku hiyo ilibeba rangi isiyo yake. Kipimo kinapaswa kutoka kifuani, chini kidogo ya shingo, mahali ambapo mpambaji hakufika na jua halikuchoma sana.

Rangi yoyote kwenye skrini ina sifa tatu. Ina aina yake, yaani ni nyekundu, chungwa au njano. Ina ukolevu wake. Na ina mwanga wake, yaani imeng'aa au imefifia kiasi gani. Aina za rangi hupangwa kwenye duara la nyuzi 360, na ngozi ya binadamu chini ya mwanga mweupe hukaa kwenye kipande chembamba sana cha duara hilo, kwa kawaida kati ya nyuzi 10 na 30, katikati ya nyekundu na njano. Mtu wa Lindi na mtu wa Oslo wanakaribiana mno hapo. Kinachowatenganisha hasa ni mwanga na ukolevu, kazi ya melanini. Ndiyo maana jicho linashtuka haraka aina ya rangi inapohama kwa nyuzi chache tu ndani ya mwili mmoja, lakini linavumilia tofauti kubwa ya mwanga, kwa sababu mwanga hubadilika kila mwili unapopinda. Anza basi na aina ya rangi. Mwanga uache mwisho, na uuguse kwa uchache.

Usikadirie kwa macho. Katika Photoshop, weka kalamu ya kuchukulia rangi isome wastani wa pikseli 11 kwa 11 badala ya pikseli moja, maana pikseli moja inaweza kuwa kinyweleo au chembe ya poda. Soma kifua, shavu, paji la uso na mgongo wa kiganja. Tuseme kifua kimetoa nyuzi 20, shavu 29 na kiganja 15. Tayari picha imekueleza habari zake: faundesheni imeelekea njano, mikono imeelekea nyekundu.

Sasa uliza kwa nini, kwa sababu kila chanzo kina dawa yake. Weupe wa kijivu usoni mara nyingi hutokana na titanium dioxide au zinc oxide iliyomo kwenye faundesheni na krimu za kuzuia jua, au silika iliyomo kwenye poda. Chembe hizo hurudisha mwanga wa flashi moja kwa moja kwenye lenzi kabla haujaifikia ngozi. Wekundu wa viganja ni damu, hasa mikono ikiwa imening'inia kwa muda mrefu au ukumbi una joto. Rangi ya kijani au buluu chini ya kidevu ni mwanga ulioruka kutoka kwenye nyasi au turubai. Zambarau ya begani ni tatizo la namna nyingine kabisa. Mwanga wa LED wa zambarau umejaa nyekundu na buluu na unakaribia kukosa kijani, kwa hiyo habari za ngozi katika chaneli ya kijani hazikurekodiwa. Kitelezi hakiwezi kurudisha kitu ambacho kamera haikukipata. Bega likiwa zambarau kidogo, punguza ukolevu wa rangi hiyo na upake rangi ya kifua kwa upole. Likiwa zambarau tupu, chagua picha nyingine au ifanye hii iwe ya rangi nyeusi na nyeupe.

Kwa mikono, kazi ni nyepesi. Fungua leya ya kurekebisha aina ya rangi na ukolevu, chagua kundi la nyekundu, kisha gusa ngozi ya kiganja kwa ile kalamu. Sukuma kitelezi cha aina ya rangi mpaka mwisho, ngozi iwe kijani au buluu. Inatisha kuitazama, lakini sasa unaona wazi kila kitu ambacho leya hiyo inakigusa. Midomo, hina na maua vikiwa vimebadilika navyo, bana mipaka ya kundi mpaka vinusurike. Rudisha kitelezi kwenye sifuri, kisha kiongeze 4 au 5 kuelekea njano. Geuza maski iwe nyeusi yote, halafu paka nyeupe juu ya mikono tu kwa brashi laini. Kwenye Capture One kuna sehemu maalumu ya rangi ya ngozi yenye vitelezi vya kulinganisha aina ya rangi, ukolevu na mwanga kila kimoja peke yake. Viwili vya kwanza ni vya thamani kubwa. Cha tatu, cha mwanga, mimi hukiacha kwenye sifuri, kwa kuwa ndicho kinachosawazisha mashavu na kuufanya uso uwe bapa.

Uso unahitaji subira zaidi. Ukirudi Photoshop, tengeneza leya tupu, iweke kwenye hali ya kuchanganya inayobadilisha rangi bila kugusa mwanga, chukua rangi ya kifua na uipake usoni kwa brashi yenye mtiririko wa asilimia 5 hadi 10. Simama mapema. Uso ulio hai hauna rangi moja: paji huelekea njano, pua, masikio na mashavu huelekea nyekundu kwa wingi wa damu, na eneo la kuzunguka mdomo kwa watu wengi wenye ngozi nyeusi huwa na kivuli cha asili. Ukiufikisha wote kwenye nyuzi 20, umetengeneza sanamu. Mimi huridhika shavu likishuka kutoka 29 hadi 23 hivi.

Kisha linda miale. Mng'ao wa paji la uso au mfupa wa shavu hauna rangi ya ngozi. Una rangi ya taa iliyoupiga. Kwenye ngozi nyeusi tofauti kati ya mng'ao huo na ngozi inayouzunguka ni kubwa, na ndiyo inayochonga umbo la uso. Rangi ya kifua ikipakwa juu yake hutoa doa la chungwa lililofifia, alama inayoonekana kwenye picha nyingi sana za harusi. Katika mipangilio ya leya kuna vitelezi vinavyoiambia leya isiguse sehemu zenye mwanga mkali zilizo chini yake. Shikilia kitufe cha Alt, kigawe kile cha nyeupe mara mbili, na uvute nusu moja kuelekea katikati mpaka miale irudi kuwa safi.

Hapo ndipo mwanga unaposhughulikiwa. Tumia leya ya mkunjo, ishushe sehemu ya kati kidogo, maski iwe usoni tu na ifife taratibu chini ya taya. Nusu ya tofauti kati ya uso na kifua inatosha, kwa sababu bibi harusi alilipia urembo ule na haki yake ni uonekane. Kuna sababu nyingine ya kushusha uso badala ya kupandisha mikono. Faili ya JPEG ina ngazi 256 kwa kila chaneli, na mikono myeusi iliyo kivulini hupata chache tu kati ya hizo. Ukiivuta juu, ngazi zinaachana na ngozi inatoka na mistari na chembechembe za rangi. Faili ghafi ya biti 14 ina ngazi 16,384, na mpigapicha wa harusi asiyeitumia anamnyima mhariri nafasi ya kufanya kazi.

Suala la mkorogo, yaani krimu za kung'arisha ngozi, linahitaji ustaarabu. Krimu hizo mara nyingi hung'arisha uso na kuacha vifundo vya vidole na viwiko vikiwa vyeusi, na programu haiwezi kujua kwamba hapa hakuna kosa la taa. Kanuni ya wahariri ni kwamba chunusi ya wiki hii huondoka na alama ya kudumu hubaki. Mimi huchukulia ngozi hiyo kama alama ya kudumu mpaka mwenyewe aseme vinginevyo, na swali hulipeleka kwake faraghani, kabla ya albamu kwenda kuchapwa.

Tahadhari pia na vipimo vilivyorithiwa. Kadi za majaribio za Kodak zilizotumiwa katika maabara za picha kwa miongo mingi zilikuwa na mwanamke wa Kizungu, na kanuni ya wachapaji inayosema samawati iwe robo hivi ya majenta ilitokana na ngozi za namna hiyo. Ngozi nyeusi inahitaji samawati nyingi zaidi. Mipangilio ya tayari inayouzwa mtandaoni mara nyingi hubeba mazoea hayo. Mwaka 2022 Google ilitangaza kipimo cha Ellis Monk wa Chuo Kikuu cha Harvard chenye rangi 10 za ngozi, upana mkubwa kuliko aina 6 za ngozi za kipimo cha Fitzpatrick zilizozoeleka.

Picha ya pamoja ya familia ndiyo inayoharibiwa zaidi, kwa sababu mhariri aliyechoka hutupa marekebisho ya bibi harusi juu ya watu wote. Kila mtu apewe maski yake na kipimo kutoka kifuani au shingoni mwake. Mama mweusi zaidi ya binti yake abaki hivyo hivyo, shangazi mwekundu abaki mwekundu, na kinachosawazishwa kwa wote ni taa tu: ile zambarau ya jukwaa kwa walio kushoto, na njano ya balbu kwa walio karibu na mlango.