Kopi na Takhmisi: Juu ya Bendi Kuziimba Upya Nyimbo za Magwiji

Miongoni mwa wapigaji wa muziki wa dansi nchini Tanzania neno "kopi" ni neno la sifa na la lawama pia. Kijana ajifunzaye gitaa husifiwa akiweza kupiga kopi ya wimbo wa gwiji pasipo kukosea. Bendi iliyokomaa hulaumiwa kwamba haina lake, hupiga kopi tu. Kati ya sifa hiyo na lawama hiyo pana swali ambalo wahakiki wa Kiswahili hawana budi kulikabili, maana nyimbo hizo ni tungo za maneno kama zilivyo za sauti. Bendi ikikusudia kurekodi albamu nzima ya nyimbo za wale iliowahusudu, kwa nia ya kuwatukuza, heshima hiyo hupimwa kwa kipimo gani? Iringa na Mbeya, miji miwili ya Nyanda za Juu Kusini, ina mifano miwili isiyofanana hata kidogo, na kwa hiyo yafaa ichunguzwe pamoja.

Kipimo chenyewe hakina haja ya kuagizwa ugenini. Washairi wa Kiswahili wanacho tangu zamani katika takhmisi. Mtunzi wa takhmisi huchukua shairi la mwingine lililopangwa kwa vipande viwili viwili, akatanguliza mbele ya kila jozi vipande vitatu vyake mwenyewe, na ubeti ukatimia vipande vitano. Maneno ya mtunzi wa kwanza huachwa yalivyo, nayo huwekwa mwishoni, mahali pa heshima, kama mkubwa aingiaye barazani baada ya wadogo kumfungulia njia. Takhmisi ya Liyongo, kazi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, ni mfano ujulikanao sana. Katika utungo wa namna hiyo msomaji hutambua mikono miwili, wala mmoja haufuti mwingine. Masharti yake ni matatu: jina la mtangulizi lihifadhiwe, maneno yake yasipotoshwe, na mfuasi alete kitu chake mwenyewe kinachomwongoza msikilizaji kwenye kile cha kale.

Mfano wa Iringa ni wa miaka ya 1980, zama ambazo mashirika ya umma yalikuwa na bendi zao. Tancut Almasi Orchestra ilikuwa bendi ya kiwanda cha kukata almasi mjini humo. Miongoni mwa waimbaji wake walikuwa mapacha Kyanga Songa na Kasaloo Kyanga, waliotoka Kongo, nchi iliyoitwa Zaire wakati huo. Na miongoni mwa wapigaji wake alikuwamo John Kitime, ambaye baadaye ameandika mengi kuhusu historia ya wanamuziki wa Tanzania. Magwiji wa bendi hiyo wanasikika waziwazi: sauti zinazokwenda pamoja, magitaa yanayojibizana, kisha chemko la mwisho la kuwainua wachezaji, vyote ni urithi wa rumba ya Kongo. Lakini maneno ni ya Kiswahili. Jina la wimbo kama "Nimemkaribisha Nyoka Nyumbani Kwangu" lina sura ya methali. Mtu aliyelelewa kwa mafumbo ya Kiswahili hulielewa kabla gitaa halijalia. Hivyo Tancut iliwatukuza wakubwa wake kwa mtindo, pasipo kuurudia wimbo wao. Sharti la tatu ilitimiza vizuri sana. Sharti la kwanza halikutimizwa, kwa kuwa mtindo hauna jina la mtu, na mchezaji aliyekuwa ukumbini hakulazimika kujua deni hilo ni la nani.

Mfano wa Mbeya ni wa karibu zaidi. Mwaka 2016 Rayvanny, msanii aliyezaliwa mjini humo, alishirikiana na Diamond Platnumz katika wimbo "Salome". Kiini chake kimetoka katika "Maria Salome" wa Saida Karoli, mwimbaji wa Kihaya kutoka Bukoba, ambaye nyimbo zake za "Chambua kama Karanga" zilipendwa nchi nzima kuanzia mwaka 2001, hata na watu wasiojua neno moja la Kihaya. Kwa umbo, "Salome" ni kitu kinachokaribia takhmisi: beti mpya za Kiswahili hutangulia, kisha kiitikio cha zamani huja kama kipeo. Jina la shujaa wa wimbo halikubadilishwa, na wasikilizaji wengi walitambua mara moja chimbuko lake. Hilo ni jema, tena ni zaidi ya lile litendwalo na wengi.

Walakini, takhmisi njema haitosheki na mpangilio. Vipande vitatu vipya sharti vielekee kwenye vile viwili kwa kina na kwa maana pia. Katika "Salome" beti mpya huelekea kiitikio kwa mdundo; kwa maana, zinasimama peke yake. Zinasifu umbo na uchezaji wa mwanamke kwa lugha ya kumbi za starehe za leo, ilhali Kihaya cha Saida kimebaki kama pambo la sauti, na asiyekijua hatoki na ufahamu mkubwa kuliko aliokuja nao. Mfuasi angeweza kuwa mfasiri wa mtangulizi wake. Nafasi hiyo ilikuwapo, ikapita.

Kwamba suala la jina si dogo, wimbo "Malaika" ni ushahidi. Fadhili William wa Kenya aliurekodi mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miriam Makeba na Harry Belafonte wakauweka katika albamu yao ya mwaka 1965. Baada yao umeimbwa na watu wasiohesabika. Hata hivyo Adam Salim, Mtanzania, alidai kwamba mtunzi ni yeye, na Fadhili William alifariki mwaka 2001 mabishano yakiwa bado yapo. Wimbo wa Kiswahili uliofika mbali namna hiyo haujui kwa yakini baba yake. Kila aliyeuimba alidhani anautukuza, na kila marudio yaliyonyamaza kuhusu mtunzi yaliongeza giza.

Kinyume cha giza hilo kinapatikana Unguja. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, na Shaaban Robert akaandika wasifu wake, uliochapishwa mwaka 1958 pamoja na jarida la Kamati ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki. Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza nyimbo za Siti kwa kumsikiliza, akaziimba hadi uzeeni, ukiwamo "Muhogo wa Jang'ombe". Hakuiga sauti ya Siti. Yake ilikuwa nzito na yenye mikwaruzo, nayo ilibeba nguvu ya ngoma za unyago alizokuwa kungwi wake. Lakini hakuacha kumtaja Siti. Masharti yote matatu yametimia hapo. Kadhalika bendi ya Them Mushrooms, iliyotoka Mombasa, ilirekodi pamoja na Fundi Konde mwenyewe akiwa hai, ikamwachia mkongwe nafasi ya kuwa shahidi wa kazi yake.

Basi bendi ya Iringa au Mbeya itakayoazimia kurekodi albamu ya namna hiyo inayo njia iliyokwisha kufyekwa. Kwanza, magwiji wasitafutwe katika kumbi za dansi peke yake. Wahehe wana ligombo, ala ya nyuzi yenye kuandamana na masimulizi na sifa; Hugh Tracey alipozunguka Tanganyika mwaka 1950 akirekodi, waimbaji wa Kihehe walikuwa miongoni mwa aliowarekodi. Hao nao ni wakubwa wa kuimbwa. Pili, jina la mtunzi liandikwe penye jina la wimbo, wala lisifichwe chini ya neno "zilipendwa", neno tamu ambalo humtaja mpenzi na kumsahau mtunzi. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inalinda haki ya mtunzi kutajwa. Adabu ya ushairi iliidai karne nyingi kabla ya sheria. Tatu, bendi iseme neno lake yenyewe, japo ubeti mmoja, unaopokea maana ya kale na kuijibu.

Nyimbo nyingi za bendi za zama hizo zilirekodiwa katika studio za Radio Tanzania Dar es Salaam, na utepe huchakaa. Wapigaji wake wanazidi kupungua mwaka hata mwaka. Waswahili husema mcheza kwao hutunzwa. Iwapo albamu ya heshima itawaimba waliocheza kwao bila kuwataja, tuzo itakuwa imekwenda kwa mtu mwingine.